Mwalimu Asiyekwama

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu alifundisha hisabati katika shule ile ile, kwenye chumba kile kile cha mwisho karibu na matangi ya maji, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyemsikia akisema kwamba jambo fulani halijui. Akimaliza somo aligeukia ubao, akashika dasta, akauliza, "Kuna swali?" huku mkono umeshaanza kufuta. Sasa wewe niambie, ni mtoto gani atauliza juu ya kitu kinachofutwa mbele ya macho yake? Ubao ulikuwa safi kabla mtu hajafungua mdomo, naye alitoka darasani kifua mbele, akiamini wote wameelewa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto wa watu, na wapo waliofika mbali kwa ajili yake. Ila alikuwa na kasoro hiyo moja, na kwa kuwa kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe akiwa amemkasirikia, hakupatikana wa kumwambia.

Kisha shule ikafungwa. Wanafunzi walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka, ikaunganishwa na nyingine, na walimu wa umri wake wakashukuriwa kwa barua. Mwalimu akamwaga unga akiwa na miaka hamsini na miwili. Miezi minne alikaa barazani na magazeti ya jana, akisahihisha kwa kalamu nyekundu hesabu za waandishi wa habari. Mkewe alikuwa akimpita na ndoo ya kufulia bila kusema neno, maana alishaona kwamba ukimwonea huruma ndiyo unamwongezea uchungu.

Aliyemtoa pale ni Kitinda, mtoto wake wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi. Siku moja alirudi na fomu mbili.

"Baba, twende wote," alisema.

"Wapi tena?"

"Kusomea kuandika programu za kompyuta. Miezi sita. Hesabu nimezipenda kwa ajili yako, sasa nikienda peke yangu nitaogopa."

Mwongo mkubwa. Kitinda hakuwa na chembe ya woga. Alisema vile ili mzee apate mahali pa kuweka uso wake, na mzee akauweka. Alikuna kidevu, akajifanya anafikiri, akasema basi atamsindikiza, mtoto wa kike asije akapotezewa muda na matapeli. Asubuhi ya kwanza alivaa shati lake la kusimamia mitihani.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja nao kila siku, na feni moja kati ya mbili ilizunguka kwa kulalamika. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, Mwalimu akiwa mkubwa wao wote, mkubwa hata kwa mkufunzi. Mkufunzi huyo walimwita Taratibu, kwa sababu kila jibu lake lilianza na neno hilo. "Taratibu, soma kwanza kompyuta inakwambia nini." "Taratibu, hebu mweleze mwenzako umefanya nini." Alikuwa mtu mnene, mpole, na hakuna aliyewahi kumwona akishika kibodi ya mwanafunzi.

Taratibu alikuwa na desturi yake moja. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kila mtu alisimama na kuandika kwenye ubao, chini ya jina lake, jambo moja ambalo jana yake hakulielewa. Wakauita Ubao wa Sijui. Wengine walisoma, anayejua akamweleza asiyejua, ndipo kazi ikaanza. Wiki ya kwanza watu waliona haya. Ya pili wakaanza kutaniana. Ya tatu mtu akiandika sijui nzuri anapigiwa makofi. Nafasi ya Mwalimu peke yake ilibaki nyeupe, wiki baada ya wiki, naye alikuwa akiitazama kwa siri kama mtu anavyotazama gari lake lililooshwa.

Mwezi wa pili Taratibu alimwita pembeni, karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

"Mwalimu, mbona huandiki?"

"Sina la kuandika, mkufunzi. Naelewa."

"Sawa. Nikuulize kitu kingine. Ukikwama, unakuwaje?"

"Mimi sikwami."

Taratibu alicheka kidogo, bila dharau. "Kila mtu anakwama, mzee wangu. Hii kazi ni kukwama tu, kutwa nzima. Kuna anayekwama akanuna, kuna anayekwama akatafuta wa kumlaumu. Mtu akishajijua anakwamaje, nusu ya kazi ameimaliza. Wewe hesabu unazo, tena kutupita sisi. Hilo lingine ndilo nalitafuta kwako silioni."

Mwalimu aliitikia kwa adabu, kisha akarudi kwenye kiti akiwa amechemka. Kijana wa juzi anamfundisha kujijua! Alikuwa amesimama mbele ya watu kabla huyo hajaota meno.

Lakini Kitinda alijua baba yake anakwamaje. Alijua tangu utotoni. Mzee akikwama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Pale chuoni walifanya kazi wawili wawili, mmoja anaandika na mwingine anasoma pembeni, kisha wanabadilishana, na Kitinda aliomba apangwe na baba yake. Kila alipoona miwani imevuliwa alianza kujisemea kwa sauti ya chini, kama anayewaza: "Kwa hiyo hapa inarudia mpaka orodha iishe... halafu hii inabeba jina..." Alikuwa akimfundisha bila kumfundisha. Mwalimu alisikia, akaelewa, akaendelea, na akaamini ameelewa mwenyewe. Siku moja, miwani ikiwa mkononi na jasho kwenye paji la uso, akamgeukia.

"Acha kuongea peke yako, mama. Unanichanganya."

"Samahani, baba," alisema Kitinda. Tangu siku hiyo alinyamaza.

Katika mwezi wa tano ikaja habari iliyowatia wote kiwewe. Kliniki ya watoto ya pale mtaani ilikuwa ikitaka programu ya kuwakumbusha wazazi tarehe za chanjo kwa meseji. Muuguzi mkuu, mama mmoja mrefu mwenye saa kubwa ya mkononi, alikuja mwenyewe akasema atapokea kazi za jozi zote zitakazojitokeza, na jozi itakayompendeza ataipa kazi hiyo kwa mwaka mzima. Zilijitokeza mbili: ya Kitinda na baba yake, na ya wale dada wawili wa kiti cha nyuma walioitwa Pacha ingawa hawakuwa ndugu.

Kitinda alichanganyikiwa kwa furaha. Nyumbani alipima chumba cha mbele kwa hatua. Meza mbili zingeenea, moja dirishani kwa ajili ya macho ya baba. "Ofisi yetu," aliiita, na mama yake akacheka, akauliza kama wateja wataingia na viatu. Mwalimu alijitia kupuuza, ila alikwenda kuangalia mbao kwa fundi. Kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe alikuwa na mahali pa kwenda kesho, tena na mtoto wake. Hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya hicho, na hakujua kukisema.

Kitinda alikwenda kliniki mara nne. Alikaa kwenye mabenchi na akina mama, akawauliza wanakaaje, nani anashika simu nyumbani, kadi za kliniki zinapoteaje. Mwalimu hakwenda hata mara moja. Alisema programu haiandikwi kwa porojo. Jumatatu ya wiki ya kuonyesha kazi kliniki Kitinda alimweleza kila alichokiona, akimwonyesha kwenye skrini.

"Na hapa, baba, nimeacha namba moja ya simu iweze kuwa na watoto wengi. Wengi hapa ni bibi analea wajukuu watatu, wanne, na simu ni moja. Kila mtoto lazima apate meseji yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Mwalimu. Hakuwa amesikiliza. Alikuwa bado amekwama mistari kumi juu, na aibu ya kukwama ikamziba masikio.

Jumatano mchana Kitinda alikwenda kliniki kuchukua orodha ya majaribio. Mwalimu alibaki peke yake kwenye mashine. Akapitia mistari ya mtoto wake mmoja mmoja, kama alivyozoea kupitia madaftari, na akafika kwenye orodha. Namba moja, watoto wanne. Chini yake, namba nyingine, watoto watatu. Moyo ukamruka kwa furaha, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mimi ninayesimulia, kwamba alifurahi. Alikuwa ameona kosa. Data imejirudia! Mtoto ameteleza, na baba yake yupo wa kumwinua. Simu ilikuwa hapo mezani, na kuuliza kungechukua nusu dakika. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba ile sehemu hakuielewa, na yeye alishasema ameelewa. Akaandika mstari mmoja: kila namba itumike mara moja tu. Akahifadhi. Mabadiliko yote yaliandikwa kwenye kumbukumbu ya programu, jina la aliyebadilisha, siku na saa, kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Hakumwambia Kitinda. Alitaka amwambie baadaye, wakishashinda.

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa kliniki. Chumba cha kusubiria kilijaa: mabenchi, mzani wa watoto ukining'inia, mabango ya kunawa mikono, vichanga wakilia kwa zamu. Pacha walianza. Programu yao ilikuwa na sura mbaya, herufi zimebanana, ila ilifanya kazi. Kisha akasimama Kitinda. Alizungumza vizuri mno. Aliwajua akina mama wale, aliwataja kwa watoto wao, nao wakamchekea. Muuguzi mkuu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu aliketi kando, mikono magotini, roho juu.

"Haya, tujaribu na huyu bibi," alisema muuguzi. Akamwonyesha mama mzee aliyekuwa na wajukuu watatu, mmoja mgongoni na wawili wakivutana kanga yake. "Bibi, shika simu yako. Zitakuja meseji tatu, za hawa wote."

Kitinda akabonyeza. Simu ya bibi ikalia mara moja. Wakasubiri. Haikulia tena.

Bibi aliitazama simu, akawatazama wajukuu. "Huyu mkubwa ndiye kaitwa. Na hawa wengine je? Hawachanjwi?"

Watu wakacheka. Kitinda alibonyeza tena, midomo imemkauka. "Jana asubuhi ilikuwa inafanya kazi," alisema. "Nilijaribu mwenyewe."

Hapo ndipo ingetosha mtu kusema maneno matatu. Mwalimu alijua papo hapo nini kimetokea. Alijua kama mtu anavyojua ameacha jiko linawaka. Damu ilimpanda usoni, macho ya watu yalikuwa juu yao, na kutoka ndani yake, kabla hajaifikiria, ikatoka ile sauti ya darasa la mwisho karibu na matangi ya maji.

"Binti, ulihakiki kazi yako kabla ya kuja?"

Kitinda aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, uso umepauka, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni. Halafu akamgeukia muuguzi mkuu.

"Kosa ni langu, mama. Naomba radhi."

Kazi walipewa Pacha.

Kesho yake Taratibu alimwita Mwalimu tena kwenye mtungi wa maji. Safari hii hakucheka.

"Mzee wangu, jana kosa lilikuwa la nani?"

"La wote wawili," alijibu Mwalimu. "Sisi ni timu."

Tazama mtu anavyoweza kujificha nyuma ya neno zuri! Taratibu alimwangalia, akasubiri, akampa nafasi ya kutosha mtu kunywa glasi nzima ya maji. Mwalimu akanywa glasi nzima ya maji.

Wiki tatu zilipita. Nyumbani Kitinda alikuwa na adabu kuliko wakati wowote. "Shikamoo, baba." "Marahaba." "Chakula tayari, baba." Hakununa, hakujibu vibaya, hakupiga mlango. Kila siku mezani Mwalimu alipiga moyo konde aseme, akafungua mdomo, akajikuta anazungumzia mvua, au bomba linalovuja, au jirani. Mkewe aliwatazama wote wawili, akawa anaokota sahani kabla watu hawajashiba. Kuhusu ofisi ya chumba cha mbele hakuna aliyesema tena. Fundi mbao alipiga simu mara mbili kuulizia, kisha akaacha.

Kozi ilipokwisha, Kitinda alipata kazi mji mwingine, safari ya siku nzima, kwenye kampuni ndogo ya watu sita. Aliwaambia wazazi wake ikiwa imebaki siku nne. Jumamosi asubuhi Mwalimu alisimama kwenye mlango wa chumba chake. Begi lilikuwa kitandani, limefunguliwa nusu.

"Mwanangu," alisema. "Ule mstari, wa namba za simu. Ni mimi."

Kitinda aliendelea kukunja blauzi. "Najua, baba."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile. Kabla hatujatoka kliniki nilifungua kumbukumbu kwenye simu. Jina lako lilikuwepo. Jumatano, saa saba na dakika kumi na mbili."

Mwalimu alishika fremu ya mlango. "Sasa mbona hukusema? Mbona ulibeba mzigo wangu mbele za watu?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe." Aliweka blauzi kwenye begi. "Nilisubiri pale pale. Nikasubiri njiani. Nikasubiri wiki tatu."

"Nisamehe, mama. Nimekosa. Nimekukosea vibaya mno."

"Nimekusamehe, baba. Kweli kabisa, sina kinyongo." Na kweli hakuwa nacho, ndiyo maana iliuma. "Nitakuja likizo, nitakula, nitalala hapa hapa. Lakini kazi moja na wewe sifanyi tena."

"Hata nikibadilika?"

Alifikiri. Angeweza kumdanganya, kama alivyomdanganya siku ya fomu mbili, na Mwalimu alikuwa akiomba moyoni amdanganye.

"Ukibadilika nitafurahi sana," alisema. "Ila wewe ulipouliza kama nimehakiki, baba, mimi nilihakiki mara tatu. Nilikuwa najua. Lakini kwa kuwa ni wewe uliyeuliza, dakika nzima niliamini kweli nimekosea. Nikikaa karibu na wewe nasahau ninachokijua. Sitaki tena kuwa hivyo."

Gari lilipiga honi nje. Mwalimu alifunga zipu ya begi kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akalibeba hadi getini, akasimama na mkewe mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia ndani, akaketi kwenye kile kitanda kilichotandikwa vizuri, akalia kama hajawahi kulia tangu azikwe mama yake. Mkewe alipomfuata akamweleza yote, tangu ile Jumatatu, bila kujitetea hata mahali pamoja. Mkewe hakumkaripia. Alisema tu, "Ningekusikia unasema hivi zamani, hata mimi ningekuwa na mengi ya kukwambia," akaenda jikoni.

Watu hubadilika, msiseme hawabadiliki. Mwalimu aliomba kurudia kozi, na Taratibu akamkubalia. Siku hizi akikwama anasema, tena kwa sauti. Anaeleza alichojaribu, alichotarajia, na pale mwanga ulipomkatikia. Anamsikiliza mwenzake hadi mwisho wa sentensi. Wanafunzi wapya wanagombania kukaa naye, wanasema hakuna mzee rahisi kufanya naye kazi kama huyu, na akisikia hivyo hushukuru, akainamisha kichwa, wao wakadhani ni unyenyekevu.

Kitinda hupiga simu kila Jumapili saa kumi jioni. Humsalimu baba yake, humuuliza afya na miguu.

"Na kazi je, mwanangu? Mnaandika programu gani sasa hivi?"

"Za kawaida tu, baba. Nipe mama."

Mwalimu humpelekea mkewe simu jikoni. Mkewe huiweka mezani, sauti juu, apate kuendelea kuchambua mchele. Na hapo Kitinda hufunguka. Anamsimulia mama yake, asiyejua hata kuwasha kompyuta, habari za mstari uliomsumbua siku tatu, jinsi alivyoukimbiza huku na huku, jinsi walivyokaa wote sita pale kazini kuutafuta, na alipoupata alivyopiga kelele ofisi nzima ikaruka. Mama yake huitikia, "Ehee! Halafu?" bila kuelewa hata neno moja, wakacheka pamoja. Mwalimu husimama upande wa pili wa mlango, hatua mbili tu. Yeye anaelewa yote. Mara nyingine huona kosa lilipo kabla Kitinda hajafika kulisimulia, na husikia jinsi alivyolirekebisha kwa akili kubwa. Angetoa chochote amwambie hivyo. Husubiri hapo mpaka mkewe aseme kwaheri, kisha huingia kuchukua simu.